Chang-dae wa kwenye The Book of Fish alikuwepo kweli?

Mtoto wa Mvuvi, Kigamboni:
Wakuu, habari za jioni. Jana usiku nimeangalia The Book of Fish, filamu ya Kikorea ya mwaka 2021 ya Lee Joon-ik, karibu yote nyeusi na nyeupe. Ofisa wa mfalme, Jeong Yak-jeon, anapelekwa uhamishoni mwaka 1801 kwa kosa la Ukatoliki, anatupwa kisiwani Heuksan. Huko kuna kijana mvuvi, Chang-dae, anayejisomea vitabu peke yake. Mwanzoni hataki hata kumsogelea, anamwona msaliti. Baadaye wanakubaliana: nipe elimu ya samaki, nikupe elimu ya vitabu.

Imenigusa pabaya. Marehemu baba alivua miaka mingi, samaki anashusha soko la Feri. Akipata samaki taa anamgeuza tumbo juu, anakuonyesha vile viwili vinavyoning'inia pembeni mwa mkia: huyu dume. Bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo) aliyajua kwa kuangalia mwezi tu. Kuna msomi alikuja, akakaa naye wiki mbili anaandika, baba akamweleza yote. Kazi ilipotoka jina la baba halimo, hata kwenye shukrani. Sasa nauliza: Chang-dae alikuwepo? Na Jeong alimtaja kwenye kitabu chake cha samaki?

Dada wa Ubungo:
Pole sana kaka. Alikuwepo, na alimtaja. Kitabu chenyewe ni Jasan Eobo, cha mwaka 1814. Kwenye utangulizi Jeong anaeleza kuwa kisiwani yupo Chang-dae, mpenda vitabu ila kwao ni maskini, hana vingi. Mtulivu, na kila anachokiona anakichunguza. Akamkaribisha wakae pamoja wafanye kazi. Ukiendelea ndani, kwenye samaki kadhaa, unakuta: Chang-dae alisema. Ule ugomvi wao, kijana anapotaka cheo serikalini, ndio umetungwa kwa ajili ya filamu. Jeong alifia uhamishoni mwaka 1816.

Mzaramo Halisi:
Kwenye ugomvi huo mimi namtetea kijana. Nani asiyetaka kutoka pwani? Anapata kazi serikalini, anakuta kodi wanadaiwa hadi watoto wachanga na waliokufa. Pale niliumia naye.

Mtoto wa Mvuvi, Kigamboni:
Asante dada, umenituliza. Nimeanza kuandika kwenye daftari majina ya samaki aliyonifundisha, usiku huu nimefika 43. Pembeni ya kila moja naweka: baba alisema.