Seli moja inaangusha betri nzima ya lithiamu: tupeane uzoefu

Mama Pacha
Wakuu, habari za muda huu. Jana usiku nyumba imeingia giza huku simu inaniambia betri ina asilimia 62. Nimewasha birika, friji inanguruma, pampu ya maji nayo ikaingia, mara paa, kimya. Watoto wakaanza kulia.

Betri ni ya sola, seli 16 za LiFePO4 (lithiamu ya chuma na fosfeti), ampea-saa 280, tuliiunga wenyewe mimi na mdogo wangu. Kwenye apu ya BMS, kile kidude kinacholinda seli na kukata umeme volti ikizidi au ikipungua, nikakuta seli ya 9 imeshuka hadi volti 2.78 wakati wenzake wako 3.22, na BMS nimeiweka ikate kwenye 2.8. Mchana mambo yanageuka. Jua likikolea, seli hiyohiyo ndiyo inayokimbia juu: inagonga 3.65 nyingine zikiwa bado 3.39, chaji inakatwa, jua linapotea bure. Yaliyowahi kuwakuta yaleteni hapa, ila msiniambie tu "nunua mpya". Sina uwezo huo kwa sasa.

Gizani Sitaki
Pole sana dada. Umenitonesha kidonda. Asilimia ya kwenye simu mimi niliacha kuiamini siku nyingi.

Mzee wa Mita
Hiyo asilimia BMS inaipata kwa kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Betri isipojaa kweli kwa wiki kadhaa, hesabu inapotea njia. Na LiFePO4 haikupi dalili, maana volti yake haisogei: kuanzia kama asilimia 20 hadi 80 na ushee unaona 3.2 na kitu, 3.3 na kitu, basi. Seli mbili zinaweza kusoma karibu sawa pale katikati kumbe moja ina chaji nusu ya mwenzake. Tofauti inajitokeza juu kabisa au chini kabisa.

Yangu ilikuwa seli ya 3. Nilihangaika nayo miezi miwili, nimebadilisha BMS, nimebadilisha waya, nimegombana hadi na aliyeniuzia. Mwisho nikakaa na daftari. Nikaichaji hadi juu nikaandika nani anatangulia kujaa, nikaitumia hadi chini nikaandika nani anatangulia kuisha. Seli ya 3 ilitangulia kujaa na ikawa ya mwisho kuisha. Maana yake haikuwa mbovu, ilikuwa na chaji nyingi kuliko wenzake tangu siku ya kwanza. Niliziunga kama zilivyotoka kwenye boksi, sikuzisawazisha. Ingetangulia kujaa NA ikatangulia kuisha, hapo ningesema kifua chake kidogo, ujazo umepungua.

Kibatari
Mzee, yake inatangulia kote kuwili. Seli imekufa hiyo, tusimpe dada matumaini hewa.

Mzee wa Mita
Tulia, bado hajapima ikiwa imepumzika.

Umeme wa Juu
Mnasahau jambo moja. Hizi betri hazitakiwi kujazwa. Mimi naishia asilimia 80 kila siku, mwaka wa tatu huu, sijawahi kuona tofauti ya seli hata moja.

Gizani Sitaki
Hujaiona kwa sababu hujafika inapoonekana! Balansa ya ndani ya BMS nyingi, ile inayosawazisha chaji za seli, haianzi kazi mpaka seli zifike kama 3.4. Ukiishia 80 kila siku, haijawahi kufanya kazi tangu uinunue.

Umeme wa Juu
Yangu inadumu. Ya kwenu ndiyo inazima usiku.

Gizani Sitaki
Siku ukiipeleka juu ndiyo utajua, ndugu yangu. Nakutakia heri, siyo kwa ubaya.

Pakiti Nane
Naomba niseme langu, maana naona watu wataanza kushauri kusawazisha kwa kuunga sambamba (chanya zote pamoja, hasi zote pamoja), na sitaki mtu apitie nilichopitia.

Nilikuwa na seli 8 za ampea-saa 100. Nilisoma kwamba ukizitoa kwenye pakiti, ukaziunga zote sambamba, ukazichaji kwa pawa saplai iliyowekwa 3.65, ampea zikishuka karibu na sifuri zinakuwa zimesawazika. Ni kweli kabisa. Tatizo lilikuwa haraka yangu. Pawa saplai ni ya ampea 30, lakini waya nilizotumia zilikuwa nyembamba, volti inapotea njiani, kwa hiyo zilikuwa zinaingia ampea 8 tu. Saa nane mchana hadi saa mbili usiku seli bado ziko 3.34. Nikapandisha pawa saplai hadi volti 5 ili "isukume". Ikasukuma kweli. Nikasema nitaamka usiku niangalie. Sikuamka.

Kilichoniamsha ni mlio, kama kifuniko cha soda kinafunguka, halafu mluzi mrefu. Nikasikia harufu tamutamu, kali, inayokaba koo. Nimefungua mlango wa stoo, moshi mweupe umejaa hadi usawa wa kifua. Seli mbili zimevimba kama mto wa kulalia, ya tatu vali yake imepasuka na inafuka. Kabla ya kuingia nilikata umeme kwenye swichi kuu. Mvuke ule unawaka na ni sumu, na kama kungekuwa na cheche sijui leo ningekuwa naandika nini. Mke wangu alishawatoa watoto nje. Tulikaa nje hadi asubuhi na mablanketi.

Mpaka leo mtu akifungua soda nyumbani moyo unaruka.

Unapoichaji LiFePO4 volti inakaa palepale kwa masaa, unadhani haiendi. Ikifika juu inapanda ghafla, dakika chache tu. Weka 3.65 au hata 3.6 KABLA hujaunga waya, na usiguse tena kitufe. Na usilale.

Kibatari
Mungu mkubwa. Poleni sana mkuu.

Bi Nuru
Nimesoma hii mikono inatetemeka. Yangu imo chumba cha kulala. Leo inahama.

Umeme wa Juu
Ndiyo maana nasema msijaze.

Pakiti Nane
Hapana, tusichanganye. Kujaza kwa kiwango chake hakukuniletea hilo. Kilichoniletea ni volti 5.

Mwana wa Seremala
Mimi sijui mengi. Nilinunua ile balansa inayohamisha chaji, ya ampea 2, ikamaliza tatizo. Niliiacha imewashwa moja kwa moja.

Mzee wa Mita
Ni nzuri, ila kuiacha muda wote hapana. Betri ikiwa katikati, balansa inaona seli moja imeshuka kidogo kwa ajili ya mzigo, inaihamishia chaji isiyohitaji, asubuhi umezidisha tofauti. Iweke ianze kwenye 3.4. Faida yake ni kasi: seli ikizidi wenzake kwa ampea-saa 10, ile ya ndani ya BMS, inayochoma chaji ya ziada kwa joto, ya ampea 0.1 inahitaji masaa 100, na inafanya kazi dakika chache tu za mchana betri ikiwa juu. Hii ya ampea 2, masaa matano.

Gizani Sitaki
Na angalieni mpangilio wa inveta jamani. Yangu ilibaki kwenye "risasi-asidi" na kile kipengele cha kusawazisha betri za maji kiliwashwa. Kila baada ya siku 30 inapandisha volti kupita kiasi, BMS inakata, mimi nalaumu seli. Kwa lithiamu kizimwe.

Mzee wa Mita
Mama Pacha, rudi kwetu. Fanya hivi leo. Kata chaji na mzigo wote, iache nusu saa, usome seli ya 9 kwa mita yako, siyo kwa simu. Weka ncha za mita juu ya nguzo za seli yenyewe, usiguse nati wala kipande cha shaba kinachounganisha seli na seli. Spana uizungushie utepe wa umeme, pete uvue. Ikisoma sawa na wenzake, weka mzigo tena na upime kati ya nguzo na kipande cha shaba, kimoja kimoja.

Mama Pacha
Nimerudi, na mikono bado ina vumbi.

Imepumzika: seli ya 9 ni 3.287, ya 8 ni 3.288, ya 10 ni 3.288. Sawa kabisa! Nikawasha birika na pasi, ampea 40. Vipande vyote nimepata milivolti 2, 3, kimoja 4. Kile cha kati ya 9 na 10, upande wa seli ya 9: milivolti 350. Nimepima mara tatu kwa sababu sikuamini.

Nikazima kila kitu, nikafungua kifuniko. Plastiki chini ya nati ile imekuwa kahawia, na kipande cha shaba kina doa jeusi la ukubwa wa kidole gumba. Nati niliizungusha kwa vidole. Kwa vidole! Waya ya BMS imebanwa na nati hiyohiyo, ndiyo maana hasara yote ilikuwa inasomwa kama ni ya seli: ampea zikitoka inaonekana imeshuka, zikiingia inaonekana imepanda.

Nimesugua nguzo na kipande kwa msasa laini, nimefuta, nimekaza. Birika na pasi tena: milivolti 3.

Kibatari
Nafuta kauli yangu. Seli haijafa.

Mzee wa Mita
Sasa punguza volti ya chaji ya betri nzima hadi 55.2 (3.45 kila seli), iache ikae hapo juu siku mbili tatu balansa ifanye kazi, halafu tuletee tofauti. Na nati nyingine 31 umezikagua?

Mama Pacha
Nimefika ya 12. Ya 6 nayo ilikuwa inacheza kidogo.

Umeme wa Juu
Naomba kuuliza bila ugomvi. Mtu akitaka kuipeleka juu kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu, aanze na ampea ngapi?

Pakiti Nane
Chache. Na ukae pale pale, macho kwenye seli inayotangulia. Ukianza niandikie, nitakuwa macho na mimi.