Walinisagia meno mazima manne, leo wanataka wayang'oe yote wanipige skrubu za milioni 14

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira, kwahiyo mtanivumilia.

Mimi mzaliwa wa Arusha, kule Maji ya Chai, na mtu wa kule akifungua mdomo mnajua tu. Floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji, kwetu kuna vyanzo vinapita hapo mbali tu, na sisi tumeyanywa toka tunanyonya, meno yakaota na mabaka ya kahawia kama mtu katafuna tumbaku miaka arobaini. Lakini yalikuwa magumu hayo! Nafungulia soda. Shida yangu ilikuwa sura tu, sekondari yote nimecheka mkono ukiwa mdomoni.

2016 naolewa, nikajichanga, nikaenda kliniki moja hapa Dar, jina naliweka kapuni. Daktari hakukaa na mimi hata dakika kumi, akasema dada tunavalisha kofia, utatoka kama msanii. Akapiga ganzi, akasaga meno manne ya mbele juu, meno ambayo hayajawahi kuniuma hata siku moja, akavalisha zile kofia za chuma ndani kauri nje. Laki tano na nusu kila moja, piga hesabu mwenyewe. Picha za harusi zikatoka kali siwezi kukataa.

Sasa ambacho HAKUNA aliyenifungulia mdomo kuniambia: jino likishasagwa halioti tena. Kofia ina umri wake, miaka kumi, kumi na tano ukibahatika na ukiitunza, baada ya hapo unarudi mfukoni. Na baka la floraidi mara nyingi lina njia za kuanzia ambazo hazili jino hivyo, kulisugua juu juu na dawa, kulipausha, kubandika kompositi, ule ujazo wa rangi ya jino. Haya yote nimekuja kuyajua mwaka huu, usiku wa manane na simu mkononi. Nani alitakiwa aniambie kama siyo yule aliyeshika mashine?

Basi juzi kati jioni niko kituoni nasubiri gari, nanunua hindi la kuchoma, ng'ata mara ya pili nasikia kitu kigumu nikajua kokoto. Natema kwenye kiganja naona jino langu. Kofia yenyewe, ndani imejaa utando mweusi, na harufu yake jamani, nilitaka kuitupa mtaroni nikakumbuka hela yake. Nyumbani nikasimama kwenye kioo: chini kimebaki kijiti cha kahawia kimechongoka kama njiti ya kiberiti, ukikigusa na ulimi kinabonyea. Jino lilikuwa linaozea ndani kwenye mshono wa kofia na ufizi na mimi napiga mswaki juu ya kauri kila siku najiona msafi. (Shemeji yangu akashauri nibandike na supagluu. Msije mkafanya huo ujinga.)

Nikarudi palepale waliponitengenezea. Faili halionekani, mfumo ulibadilishwa, garantii ilikuwa ya mwaka mmoja. Daktari mpya kijana kaangalia sekunde chache, akanipiga picha ile kubwa ya taya zima, akasema "dada yangu haya yashachoka yote, tunatoa manne tunapiga implanti, unasahau kabisa habari ya meno". Implanti ndiyo hiyo skrubu ya titani inayofungwa kwenye mfupa wa taya, juu yake linakaa jino la bandia. Milioni tatu na nusu kwa moja, mara nne, na eti kuna ofa mwisho wa mwezi. Ofa! Kama nanunua sofa. Hajaniuliza kama nina sukari wala kama navuta sigara, wakati sukari isiyodhibitiwa na sigara ndiyo vitu vinavyofanya ile skrubu ya titani isishike mfupa. Wala hakunigusia kwamba mfupa unachukua miezi mitatu mpaka sita kuishika, kwahiyo hapo katikati natembea na nini? Na implanti haiozi ni kweli, ila ufizi unaoizunguka unaweza kuugua kimya kimya bila maumivu ukala mfupa mpaka ikaanza kucheza. Hiyo "unasahau" yake imetoka wapi?

Nikaenda hospitali ya serikali, nimekaa benchi toka saa moja mpaka saa saba mchana, ila huyo mzee aliyeniona Mungu ambariki. Kagonga jino mojamoja, kachokonoa kwenye fizi na kile kijiti chenye alama za milimita, kapiga picha ndogo za mizizi. Akanieleza kitu kimoja ambacho kingenisaidia toka mwanzo, kwamba hatuangalii kofia, tunaangalia kilichobaki chini yake. Kama jino lisilooza limebaki kama milimita mbili juu ya ufizi kuzunguka pande zote na mzizi hauna ufa, linavalishwa kofia mpya na linaishi. Kama halina hapo pa kushikia, kofia mpya ni kutupa hela.

Majibu yangu: mawili yako vizuri, kofia mpya tu. La pembeni kushoto lisafishwe mzizi, liwekwe pini, halafu kofia. Hili lililodondoka la kati kulia, mzizi umepasuka, hilo linang'oka hamna namna. MOJA wakuu. Wenzetu walitaka manne, na hata kama kweli yangekuwa manne, mzee kasema implanti mbili tu zinaweza kubeba daraja, yaani meno ya bandia yaliyounganishwa pamoja, la meno manne. Kwahiyo hizo nne yule kijana alikuwa anamwekea nani?

Kwenye hilo pengo ndipo nimekwama. Naweza kuweka implanti moja, au daraja linaloshika majirani wawili, ambao ndiyo yale mawili mazima na yalishasagwa tayari, kwahiyo hamna jino jipya linaloharibiwa. Daraja ni nafuu na la haraka, ila jirani mmoja akiharibika linaondoka lote, na kusafisha chini yake ni kazi ya uzi kila usiku. Implanti inasimama yenyewe, ila mzee kanitahadharisha kwamba mfupa wa mbele ni mwembamba, jino likitoka unasinyaa, ufizi unaweza kupanda jino likaonekana refu kuliko mwenzake. Yaani nitoe milioni tatu na nusu nirudi kuweka mkono mdomoni?

Alhamisi natakiwa nikampe jibu. Walioweka implanti meno ya MBELE, siyo magego, ufizi wenu ukoje baada ya miaka mitano hivi? Na wenye daraja limewakaa muda gani? Wale wa kuja inboksi na namba za kliniki zenye ofa msijisumbue, nitawablok.