Vidonda vya mdomo vinavyojirudia kila baridi, ni homa au nini?

mama_kibosho (Moshi): Habari zenu wapendwa, naombeni msaada. Baridi ya mwezi wa sita ikianza, au nikishikwa mafua makali, natokwa na vipele pembeni ya mdomo. Inaanza kuwasha na kuchoma choma, kesho yake vinajaa maji, vinapasuka vinaacha gaga, na ni pale pale kila mara. Huku wanasema ni homa imetokea mdomoni, jirani yeye ananiambia nikapime ngoma, yaani ukimwi, na nina kichanga ndani jamani silali.

chalii_wa_njiro: Pole dada. Hiyo malaria inatoka, kanunue mseto tu unywe.

tabibu_sakina (Arusha): Ndugu usimpe mtu mseto bila kipimo. Dada, ulivyoeleza hivyo inaelekea ni virusi vya hepesi simpleksi aina ya kwanza. Wengi tumeambukizwa utotoni kwa kubusiwa na watu wazima, WHO wanakadiria zaidi ya watu bilioni 3 walio chini ya miaka 50 wanavyo hivi virusi, na wengi wao hata hawajui. Vikishaingia havitoki, vinajificha kwenye mishipa ya fahamu ya uso, sasa ukipata homa yoyote, iwe malaria iwe mafua, au jua kali, stresi, hedhi, vinaamka vinashuka kwa njia ile ile mpaka kwenye lipsi, ndo maana hapabadiliki mahali. Kuwa navyo siyo kuwa na ukimwi. Ila vikikaa zaidi ya wiki mbili au vikisambaa sana hapo pima, maana kinga ikishuka vinakuwa vikali. Dawa ni asaiklovia, na uiwahi pale pale unapoanza kuwashwa, ukisubiri gaga haikusaidii sana.

mwl_usariver: Mimi vyangu viko ndani, kwenye ulimi na shavuni, vyeupe katikati pembeni vyekundu, ndizi za moto tu natoa machozi. Duka la dawa walinipa hiyo hiyo asaiklovia, wapi.

tabibu_sakina: Mwalimu, hivyo kwa maelezo yako ni vingine kabisa, siyo hepesi na haviambukizi, ndo maana dawa haikugusa. Mara nyingi ni kujing'ata, stresi, au upungufu wa madini ya chuma, foliki asidi au vitamini B12, kwa hiyo omba upimwe damu. Na kidonda kimoja kikigoma kupona wiki tatu usikae nacho, nenda hospitali ya Mount Meru waone kinywa.

mama_kibosho: Asante sana, nimepumua. Sasa mtoto namnyonyesha au niache?

tabibu_sakina: Nyonyesha, virusi havipiti kwenye maziwa, mradi ziwa lenyewe halina kidonda. Ila usimbusu mpaka gaga lidondoke lote, vaa barakoa ukimbeba, nawa mikono kwa sabuni, na usishike kidonda ukagusa macho yako au yake. Kwa kichanga hiki kitu ni hatari kweli, kinaweza kuingia kwenye ubongo na ini. Akipata homa, akikataa ziwa, akilegea au ukiona kipele cha maji, mkimbize hospitali, Mawenzi au KCMC, usiku huo huo, usingoje asubuhi. Na wageni wanaokuja kumwona mtoto waambie wazi, mwenye kidonda mdomoni asimbusu, hata akiwa bibi yake.