Treni ya umeme ya mjini kama ya Addis Ababa: kwetu Mwanza inawezekana?

MamaSato_Igoma:
Habari zenu wakuu, na wakubwa wangu shikamooni.

Nauza sato sokoni Igoma, mzigo nachukua Mwaloni Kirumba. Saa 10 alfajiri niko kituoni na ndoo mbili tupu. Kwenda si tabu, barabara nyeupe. Tabu ni kurudi. Saa 2 asubuhi ndoo zimejaa, nimeshabadilisha gari mjini, na kuanzia Mlango Mmoja hadi Mabatini tunatambaa. Konda anataka ndoo zilipiwe siti. Nikikataa anazisukumia mlangoni, kila anayeshuka anaziruka. Juzi mfuniko ulifunguka, maji ya barafu na shombo yakammwagikia dada mmoja aliyevaa sare ya kazi, sato wawili wakadondoka barabarani. Nilimwomba radhi yule dada mpaka sauti ikanikauka. Na samaki wenyewe wakifika saa 4 wamelegea, mteja akibonyeza shavu anaweka chini.

Mdogo wangu kanionyesha video ya treni ya umeme ya Addis Ababa. Magari yamesimama pembeni, yenyewe inapita katikati ya barabara. Nimeirudia sijui mara ngapi. Naomba kuelimishwa: ile inaendaje, na kwa mji wetu huu wa mawe inawezekana? Na mwenye ndoo anaruhusiwa?

FundiGia:
Dada, nilikuwa Addis 2016 na 2017 kwa kazi ya ufundi wa malori, nikipanda treni hiyo kutoka Kaliti karibu kila siku. Ilizinduliwa Septemba 2015. Njia ni mbili: moja kutoka Ayat upande wa mashariki hadi Tor Hailoch magharibi, nyingine kutoka uwanja wa Menelik II kushuka kusini hadi Kaliti. Jumla kama kilomita 34, vituo 39, na katikati ya mji njia zote mbili zinatumia reli ileile kwa kipande kifupi. Umeme wa volti 750 uko kwenye waya wa juu, na ule mkono uliokunjwa juu ya paa ndio unaougusa waya na kuushusha kwenye mota. Nauli wakati ule ilikuwa birr (pesa ya Ethiopia) 2, 4 au 6 kufuatana na umbali.

Kuhusu ndoo zako: sakafu ya zile treni sehemu kubwa iko chini, karibu usawa wa jukwaa, mtu anaingia bila kupanda ngazi. Ila asubuhi mnabanana hadi mkono hauinuki. Ndoo ya samaki hapo, hapana. Ungehitaji treni ya kwanza kabisa, au kona ya mizigo iliyotengwa.

Sasa nikueleze kinachoniuma. Treni zilinunuliwa 41. Miaka ilivyokwenda, nyingi zikalala karakana kwa kukosa vipuri. Mradi uligharimu dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo kutoka China, na vipuri navyo vinadai dola, wakati abiria analipa birr. Mimi ni fundi, najua maana ya chombo kizima kukaa chini kwa kukosa kifaa cha kushika mkononi. Mwanza wakijenga bila karakana yenye stoo iliyojaa, wasijenge.

Konda_Nata:
Mama yangu, pole, na samahani kwa niaba ya wenzangu. Hesabu ya tajiri ndiyo inayotufanya tuitazame ndoo kama abiria.

Langu ni moja. Barabara ya Nyerere ikikatwa katikati kwa ajili ya reli, sisi tupewe kazi ya kuleta watu vituoni: Buswelu, Kishiri, Kisesa. Huko treni haitafika na watu wanatembea sana. Tusitupwe tu.

MzeeWaReli:
Wanangu, nimelitumikia shirika miaka 31, mingi hapahapa Mwanza. Milima isiwatishe. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwenye mwinuko mkali, hasa mvua ikinyesha, kwa hiyo reli haipandi mlima, inatafuta bonde. Reli ya kati ilifika hapa kutoka Tabora mwaka 1928, nayo ilifuata bonde hivyohivyo. Barabara ya Nyerere nayo imepita bondeni, kwa hiyo inawezekana. Pagumu ni Mabatini, pamebana na mto Mirongo ukijaa maji hupanda hadi barabarani.

Ila mngeanza na kilichopo. Oktoba 2012 Dar walianzisha treni ya mjini kwa reli za zamani, Stesheni hadi Ubungo, na Tazara hadi Mwakanga. Hawakungoja umeme. Sisi tunayo reli kutoka Stesheni ya mjini, kupitia Mwanza Kusini, hadi Fela. Waanze na treni mbili asubuhi, mbili jioni. SGR ya Isaka, ile reli mpya ya kisasa, ikikamilika, mizigo ikihamia huko, reli hii ya zamani itapata nafasi zaidi.

MamaSato_Igoma:
Shikamoo baba, asante sana. FundiGia, ubarikiwe, sikujua habari ya vipuri. Konda mdogo wangu, nimekusamehe.

Baba, reli hiyo inakwenda kusini na mimi niko mashariki. Mimi haitanifikisha. Lakini wapo wenzangu wa upande wa Fela wanaofuata samaki mjini kama mimi, kwa ajili yao nauliza: behewa la zamani ngazi zake ziko juu kiasi gani? Ndoo moja ya sato na barafu inafika kilo 20.

MzeeWaReli:
Marahaba binti yangu. Ziko juu. Kituo kisicho na jukwaa la kutosha, lazima mwenzako atangulie ndani azipokee. Dawa yake ni kuinua jukwaa lilingane na sakafu ya behewa. Hilo halidai dola. Ni saruji, mchanga na mawe, na mawe tumekalia.