Naomba ushauri: nitabiri vipi kikosi kitafanyaje kwenye mazoezi ya kivita?

Wakuu habari zenu, naombeni mawazo, niko kwenye tasnifu ya masta ya takwimu, natafuta ni mambo gani yanatabiri kikosi kitafanya vizuri mazoezini, nimechagua Fort Irwin kule California, jangwa la Mojave, ambako brigedi za jeshi la Marekani zinapambana na adui wa mazoezi, Rejimenti ya 11, bunduki zinatoa leza na askari wamevaa vihisio, ukipigwa vinalia.

Shida ni kipimo. Nikihesabu ushindi tu sipati kitu maana yule adui analijua kila korongo, yuko kwao. Nikitumia maksi za wakufunzi, kila mmoja ana jicho lake. Halafu brigedi chache, vigezo kibao, shabaha za vifaru, mshikamano wa askari, muda ambao kamanda na maofisa wake wamekaa pamoja. Mi naamini huo muda ndo una uzito kuliko vyote ila sitaki kuulazimisha.

Mliowahi kufanya regresheni (hesabu ya kuona kila kigezo kinachangia kiasi gani kwenye matokeo) yenye sampuli ndogo, au mliopita jeshini, mngepima nini? Nishuke hadi kwenye kombania, yaani vikosi vidogo ndani ya brigedi, nipate data nyingi, japo kombania za brigedi moja zinafanana?