Mirathi ya baba Jinja: wakili, ofisi ya serikali au tufuatilie wenyewe?

Walukuba_Boy
Wakubwa, naomba ushauri. Baba amefariki bila wosia. Ameacha nyumba Walukuba, hapa Jinja, Uganda, yenye hati, kibanja (kipande cha ardhi) Iganga na akaunti ya benki. Mama yupo, sisi watoto tuko watano. Ukoo umenipendekeza niwe msimamizi wa mirathi. Tumpe wakili kazi yote, tuiachie ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi, au tujifuatilie? Baba mdogo anataka tuuze kibanja kwanza tupate pesa ya wakili.

Nalongo_Mbale
Poleni sana na msiba, mwanangu. Kibanja msikiguse! Kabla korti haijatoa hati ya usimamizi hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, na kuingilia mali ya marehemu ni kosa la jinai. Mwambie baba mdogo kwa heshima, ila mwambie mapema.

Bukasa_K
Mimi ningechanganya. Mwanzo fanyeni wenyewe: cheti cha kifo kutoka NIRA (mamlaka ya usajili wa watu), barua ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi za wote, kisha mkaripoti kifo kwa Msimamizi Mkuu. Si lazima mfike Kampala, Mbale kuna ofisi. Wakiridhika kwamba hamgombani watakupa cheti cha kutokuwa na pingamizi.

Wakili mlipeni kuanzia hapo: ombi la korti, tangazo la gazetini, hati. Mali isiyozidi shilingi milioni 50 inaweza kwenda kwa Hakimu Mkuu. Ikizidi, Korti Kuu. Bei muiandike, ilipwe kwa hatua. Anayetaka sehemu ya ardhi badala ya pesa, mwacheni. Hapo ndipo familia nyingi hupoteza viwanja.

Mzee_wa_Arua
Bukasa anasema kweli kama mna amani. Kukiwa na ugomvi, au watoto wa nje waliofichwa, mimi naona heri Msimamizi Mkuu asimamie mwenyewe. Ni polepole, lakini hakuna ndugu atakayelala na hati ya nyumba chini ya mto.

Nalongo_Mbale
Na mama asisahaulike jamani. Tangu marekebisho ya sheria ya mirathi ya 2022, kama hakuna wosia mjane anapata asilimia 20, watoto 75, wategemezi 4, mrithi wa kimila 1. Nyumba waliyokuwa wakiishi haiingii kwenye hesabu hiyo, hakuna wa kumtoa. Wazee wengine bado wanataja asilimia 15 ya zamani ya mjane. Akibanwa, aende FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, wanawasaidia bure wanawake wasio na uwezo.

Walukuba_Boy
Asanteni sana. Ugomvi hatuna, ni baba mdogo tu. Nikishapata hati ya usimamizi, nina muda gani?

Bukasa_K
Hati ni ya miaka miwili, basi usikae nayo kabatini. Ndani ya miezi sita peleka kortini orodha ya mali yote, ndani ya mwaka mmoja hesabu. Nyumba iandikwe kwanza jina lako kama msimamizi, ndipo mgawane.

Mzee_wa_Arua
Kama mama ana kiwanja chake, aandike wosia sasa akiwa na nguvu. Mashahidi wawili waone akitia sahihi, na wasiwe nyinyi watoto wala waume na wake zenu, maana shahidi aliyeachiwa kitu anakikosa. Mwalimu wa jirani na mtu wa msikitini au kanisani wanatosha.