MC na kamati za harusi, "impromptu" siyo jina la uzembe wenu!

Wakuu, nimekereka na leo nasema.

Jumamosi tulikuwa kwenye harusi ya ndugu yetu. Kamati imekaa vikao wee, michango imekusanywa, ratiba imechapwa kwa rangi. Watu wako katikati ya msosi, MC anadakia: "Sasa namkaribisha baba mkubwa wa bi harusi atupe nasaha. Impromptu tu mzee wangu, sema chochote!" Mzee wa watu kijiko kiko mkononi. Tangu asubuhi hakuna aliyemgusia. Akasimama, maiki inamtetemeka, akakosea hadi jina la bwana harusi, vijana wakaangua kicheko huku simu zinarekodi. Nikamfuata MC. Eti: "Kaka, impromptu ndivyo ilivyo, haina maandalizi."

Nani kakudanganya? Neno hilo Waingereza walilichukua kwa Wafaransa karne ya 17, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, in promptu: kitu kilicho tayari, kipo karibu na mkono. Shina lake ni promere, yaani kutoa nje, kama unavyotoa kitu stoo. Sasa stoo utatoa nini ambacho hakikuwekwa? Hata Schubert, yule mtunzi wa muziki wa Austria, vile vipande vyake vinane vya piano vya mwaka 1827 vinavyoitwa Impromptu, kila noti imeandikwa kwenye karatasi!

Na hapa kwetu jambo hili lipo miaka yote. Malenga wakijibizana kwa mashairi papo kwa papo, ule ufundi wa vina na mizani wameshaulea kichwani muda mrefu. Wanachobuni pale ni jibu tu. Ninyi mlichofanya ni kumsahau mtu kwenye ratiba, halafu aibu yenu mkambebesha mzee, tena mbele ya wakwe.

Anayetakiwa kusema aambiwe mapema, hata kwa meseji. Mkimsahau, basi mmoja wa kamati amfuate mezani, amnong'oneze, ampe dakika kumi amalize kula na ajipange. Hilo nalo linahitaji bajeti?

Na wewe MC, kama umo humu, namba ya mzee kamati wanayo. Mpigie umwombe radhi. Na ile klipu mlioiweka status muifute leo.